Trekta kuukuu, safari ndefu: mchukuzi wa kuaminika hupatikana vipi?

Ndugu msomaji, umetueleza kwamba umenunua trekta la zamani lililoegeshwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka unapoishi, kwamba injini yake haijawashwa kwa miaka mingi, na kwamba wachukuzi watatu uliowasiliana nao wamekutajia bei zilizoachana mno, ile ya chini ikiwa haifiki hata nusu ya ile ya juu. Unauliza utamjuaje aliye mwaminifu kati yao, na kama bei ile ndogo ni bahati au ni hatari.

Nakusihi usianzie kwenye bei. Mchukuzi anayeijua kazi hii hutambulika kwa maswali anayokuuliza kabla ya kutaja kiasi chochote. Yule anayetaja kiasi baada ya kuambiwa tu mahali pa kuchukulia na mahali pa kushushia amekisia, na tofauti kati ya kisio lake na gharama halisi utadaiwa wewe siku ya kupakia, wakati lori limekwisha kufika na muuzaji anataka uwanja wake ubaki wazi. Inawezekana kabisa kwamba wale watatu hawakupishana kwa uaminifu hata kidogo, bali kila mmoja alikuwa akifikiria trekta la aina nyingine, kwa sababu hakuna aliyepewa maelezo ya kutosha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yako: kulieleza trekta kwa maandishi, kwa picha na kwa vipimo, kisha kuwapelekea wote watatu maelezo yale yale, neno kwa neno.

Uzito ndio unaowapotosha wengi. Trekta la Ferguson TE20, lililotengenezwa kati ya mwaka 1946 na 1956, lina uzito unaozidi tani moja kwa kiasi kidogo tu. Massey Ferguson 135 hukaribia tani moja na nusu. John Deere 4020 hufika karibu tani nne. Hizo, hata hivyo, ni takwimu za trekta kama lilivyotoka kiwandani. Trekta lililolima kwa miaka mingi mara nyingi limeongezewa vyuma vya uzito mbele na kwenye rimu za nyuma, na huenda matairi yake ya nyuma yamejazwa maji, au maji yaliyochanganywa na chumvi ya kalsiamu kloridi, ili yaishike ardhi vizuri zaidi. Tairi kubwa la nyuma la trekta lenye nguvu linaweza kubeba lita 400 na zaidi, na kila lita ya maji ni kilo moja, huku maji ya chumvi yakiwa mazito zaidi. Ukijumlisha matairi mawili na vyuma vyake, unaweza kuwa na tani nzima ambayo haimo katika kitabu chochote cha mtengenezaji. Mwombe muuzaji azungushe gurudumu hadi valvu iwe upande wa chini, kisha abonyeze kipini chake kidogo akiwa amesimama pembeni: yakitoka maji badala ya hewa, mchukuzi lazima aambiwe. Kama gurudumu haliwezi kuzungushwa, hilo nalo ni jambo la kuambiwa.

Kimo nacho hupimwa kutoka ardhini hadi ncha ya juu kabisa, ambayo mara nyingi ni bomba la moshi lililosimama au paa la kibanda cha dereva, wala si boneti. Sababu ni kwamba kimo hicho kitajumlishwa na kimo cha sakafu ya lori. Nchi nyingi huruhusu mzigo wenye kimo cha mita 4 au zaidi kidogo, na upana wa takriban mita 2.5 hadi 2.6, bila kibali maalumu. Trekta lenye kibanda cha mita 2.8 likipandishwa juu ya sakafu yenye kimo cha mita 1.4 tayari limefika mita 4.2, na hapo mchukuzi atahitaji tela la sakafu ya chini, lile ambalo madereva wengi huliita lobedi, au atalazimika kupanga njia inayokwepa madaraja ya juu yaliyo mafupi. Bomba la moshi linaweza kufunguliwa na kulazwa ndani ya lori. Paa la kibanda haliondoki kwa urahisi hivyo. Upana pia hutegemea jinsi magurudumu ya nyuma yalivyopangwa kwenye ekseli, kwa kuwa matrekta mengi ya zamani yaliundwa ili magurudumu yasogezwe nje au ndani kufuatana na nafasi ya mistari ya mazao. Pima kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi ukingo wa nje wa tairi la pili.

Baada ya vipimo, yapo mambo manne ambayo mchukuzi mzuri atauliza, na asipouliza uwe na wasiwasi: je, trekta linawaka, linabiringika likisukumwa, usukani wake unageuza magurudumu, na breki zake zinashika? Trekta lisilowaka si tatizo kubwa kwa mwenye winchi, yaani mtambo wa kuvutia kwa waya. Trekta lisilobiringika ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu breki zilizoganda kwa kutu, au gia iliyokwama, hulifanya liburutwe kama gogo, na kuburuta tani tatu juu ya rampu kunaweza kukata waya wa winchi au kupasua tairi kuukuu. Trekta linalobiringika lakini lisilo na breki lina hatari ya upande wa pili: likishapita ukingo wa rampu wakati wa kushushwa, hakuna kitu cha kulizuia isipokuwa waya wa winchi. Kwa kuwa lako halijawashwa kwa miaka mingi, ningeomba muuzaji alisukume au alivute hatua chache mbele na nyuma, gia ikiwa haijaingizwa, na akurekodie video. Dakika mbili za video hiyo zitakuokolea mabishano mengi.

Usisahau umbo la magurudumu ya mbele. Matrekta mengi ya kazi za mistari, kama Farmall H na Farmall M zilizoanza kutengenezwa mwaka 1939, yana magurudumu mawili ya mbele yaliyobanana katikati, au gurudumu moja tu. Trekta la namna hiyo haliwezi kupanda tela lenye rampu mbili zilizoachana, maana magurudumu yake ya mbele yataangukia katika pengo lililo katikati. Mchukuzi aliyezoea magari madogo huenda asilitambue jambo hili hadi afike uwanjani na kukuta hawezi kupakia, naye atadai alipwe kwa safari ya bure. Vivyo hivyo, trekta la kale kabisa lenye magurudumu ya chuma yenye meno huteleza juu ya chuma na kuharibu sakafu. Linahitaji mbao nene chini yake, na baadhi ya wachukuzi hulikataa moja kwa moja. Ni afadhali akatae mapema kwa simu.

Sasa tuje kwa mchukuzi mwenyewe. Jambo la kwanza la kujua ni kama unazungumza na mwenye lori au na dalali. Udalali si uovu, na dalali mzuri anaweza kukupatia lori ambalo wewe usingelipata. Hatari hutokea pale kazi inapouzwa kutoka kwa dalali mmoja hadi mwingine, kila mmoja akikata sehemu yake, mpaka dereva anayefika uwanjani hajui ulichoahidiwa na hana uhakika kwamba atalipwa. Madereva wasiolipwa wamewahi kushikilia mizigo ya watu ambao wao walikwisha kulipa kila kitu kwa mtu mwingine. Kwa hiyo uliza waziwazi: lori ni la nani, limesajiliwa kwa jina gani, dereva ni nani, na je, mkataba utakaotia saini unakataza kazi hiyo kukabidhiwa mtu mwingine bila ruhusa yako ya maandishi? Mwaminifu hujibu maswali haya bila kukasirika. Kisha, katika nchi yenye daftari la leseni za usafirishaji, ihakiki leseni kwa mamlaka yenyewe, na uipige simu kampuni kupitia namba iliyosajiliwa huko badala ya ile iliyo kwenye tangazo, kwa kuwa walaghai hutumia majina ya kampuni halali wakiweka namba zao wenyewe.

Ulaghai mmoja nautaja peke yake kwa sababu umewagharimu watu wengi wanaotafuta mashine za zamani kwa mbali. Muuzaji hukueleza kwamba tayari anafanya kazi na kampuni fulani ya usafirishaji, kwamba kampuni hiyo itapokea fedha zako za trekta na kuzishika hadi utakaporidhika na mzigo, na kwamba huna haja ya kutafuta mwingine. Kampuni hiyo haipo, na mara nyingi hata trekta halipo. Mchukuzi mchague wewe, na malipo ya trekta yasipite mikononi mwake.

Kuhusu watu wa kumthibitisha, sifa za jumla kama vile kwamba mtu ni mzuri na ana bei nafuu hazikusaidii sana. Omba kuzungumza na mtu aliyepelekewa trekta, buldoza au mashine nyingine nzito kwa safari ya mbali, na umuulize mambo mawili: bei ya mwisho ilikuwa ile waliyokubaliana? Na lilipotokea la kutokea njiani, alipigiwa simu au aligundua mwenyewe? Hili la pili nalithamini kuliko yote. Safari ya kilomita elfu moja haikosi mkwamo wa aina fulani, na mchukuzi anayefaa ni yule anayekuambia mapema kwamba atachelewa.

Mwombe pia akueleze atakavyolifunga trekta lako. Huhitaji kuwa fundi ili kuelewa jibu, kwani atakayeeleza kwa undani ndiye aliyewahi kufanya. Kanuni zinazotumika Marekani, na kiwango cha Ulaya cha EN 12195, hukadiria kwamba mzigo lazima uweze kustahimili msukumo wa kwenda mbele unaofikia asilimia 80 ya uzito wake wakati wa breki kali, na asilimia 50 kwa pembeni na kwa nyuma. Breki za trekta na gia iliyoingizwa haziwezi kubeba nguvu hiyo. Inahitajika minyororo au mikanda minne, miwili ikivuta mbele na miwili ikivuta nyuma, iliyofungwa kwenye sehemu imara kama ekseli, fremu au kiungio cha kuvutia tela, na kila mmoja uwe na alama inayoonyesha uzito unaoruhusiwa. Huko Marekani mashine inayozidi kilo 4,536 haisafirishwi bila vifungo vinne, na hata kwa iliyo nyepesi mimi ningesisitiza vinne. Mnyororo haupitishwi kwenye fimbo za usukani, mabomba ya haidroliki wala ekseli ndogo inayozungusha zana nyuma ya trekta. Vitu hivyo hupinda au kuvunjika, na vipuri vya trekta la miaka sitini havipatikani dukani kwa siku moja. Zana yoyote iliyobaki nyuma huteremshwa hadi iguse sakafu na kufungwa kivyake. Baada ya kilomita 80 za mwanzo dereva husimama na kukaza upya, maana matairi hujiminya na minyororo hulegea, kisha hurudia kila baada ya saa chache. Mchukuzi akikutajia kituo hicho cha kwanza bila kuulizwa, hiyo ni dalili njema sana.

Yapo mambo madogo ambayo mzoefu huyafanya na mgeni huyasahau. Mdomo wa bomba la moshi huzibwa, kwanza ili mvua isiingie kwenye silinda, na pili kwa sababu ya upepo: kwa trekta lenye turbo, yaani feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini, kama Allis-Chalmers D19 ya dizeli ya mwaka 1961 na mengi yaliyofuata, upepo wa barabarani unaweza kuizungusha turbo kwa saa nyingi bila tone la mafuta ya kulainisha. Boneti hufungwa kwa kamba hata kama kitasa chake kinaonekana kizima, hasa kama trekta limepakiwa likiangalia nyuma, kwa kuwa upepo utaingia kwa chini na kuifungua. Kiti, kisanduku cha zana, taa na kifuniko cha rejeta kama si thabiti huondolewa na kuwekwa ndani ya sanduku lenye orodha. Waya hasi wa betri huchomolewa. Haya unaweza kukubaliana na muuzaji ayafanye kabla lori halijafika, lakini mchukuzi abaki na jukumu la kuyahakiki.

Bima inahitaji subira yako, kwa maana hapa ndipo watu hudhani wamelindwa na kumbe hawakulindwa. Bima ya lori kwa madhara ya watu wengine barabarani si bima ya mzigo wako. Omba cheti cha bima ya mzigo, na kipatikane moja kwa moja kutoka kwa kampuni ya bima au wakala wake, kikionyesha kiwango cha juu cha fidia na tarehe ya mwisho. Kisha uliza kama mashine zilizotumika zimo, na kama kupakia na kushusha kumo, kwa kuwa trekta huangushwa zaidi kwenye rampu kuliko barabarani. Zaidi ya hapo, fidia mara nyingi huhesabiwa kwa kilo na si kwa thamani. Chini ya mkataba wa kimataifa wa CMR wa mwaka 1956, unaosimamia usafirishaji wa barabarani kati ya nchi zilizouridhia, kikomo kilichowekwa na itifaki yake ya mwaka 1978 ni vipimo 8.33 vya SDR, yaani kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kila kilo, isipokuwa kama umetangaza thamani kubwa zaidi katika hati ya mzigo na kulipia nyongeza. Mikataba ya ndani ya nchi nyingi ina vikomo vinavyofanana na hicho kwa umbo. Kwa trekta la kawaida kikomo hicho kinaweza kutosha. Kwa trekta adimu lililofufuliwa kwa kazi ya miaka, hakikaribii. Tangaza thamani, iambatanishe na tathmini iliyoandikwa, na uhakikishe imo katika hati.

Sasa ndipo tunaweza kuzungumzia bei. Gharama kubwa ya lori ni ile ya kurudi tupu. Mchukuzi aliyepeleka mzigo upande wa muuzaji wako na anayetafuta cha kurudi nacho anaweza kukutoza kidogo mno kwa uhalali kabisa, na hii ndiyo sababu njema ya pekee ya bei ya chini ninayoikubali bila maelezo marefu. Muulize yule wa bei ndogo: je, ni safari ya kurudi? Akisema ndiyo, atakuambia pia kwamba hawezi kuahidi siku moja bali kipindi cha siku kadhaa, na wewe ukiwa na nafasi ya kusubiri, mpe kazi. Akikuahidi siku unayoitaka, lori zima kwa ajili yako, na bei isiyofika nusu ya wenzake, huenda hajapima, hana bima, au ananuia kupandisha bei akishafika. Malipo yagawanywe: kiasi kidogo cha kuthibitisha, na kilichobaki baada ya kushusha na kukagua. Anayedai yote kabla ya lori kuondoka mwache. Bei iandikwe pamoja na mambo yanayoweza kuibadilisha, yaani kusubiri, winchi, vibali, na safari ya bure.

Kama trekta litavuka mpaka, lioshwe kwa maji ya shinikizo hadi udongo na mbegu vitoke kila mahali, hata chini ya ngao za matairi na ndani ya mapezi ya rejeta. Chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea kipo kiwango namba 41, kilichopitishwa mwaka 2017, kinachohusu mashine zilizotumika zinazosafirishwa kati ya nchi, na trekta lenye udongo linaweza kuzuiwa au kurudishwa kwa gharama yako.

Siku ya kupakia, wewe au mtu unayemwamini awepo. Picha zipigwe pande zote nne, chini, na kwenye kila kasoro iliyopo, zikiwa na dereva ndani ya fremu kama atakubali, na hati ya mzigo itaje kasoro hizo. Siku ya kupokea, picha zile zile zirudiwe kabla ya kutia saini. Ukiona uharibifu, uandike kwenye hati hiyo hiyo, hata kama dereva ana haraka, kwani saini isiyo na maelezo huhesabiwa kuwa umepokea mzigo mzima. Kwa uharibifu usioonekana nje, mkataba wa CMR hukupa siku saba za kutoa taarifa kwa maandishi, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Mikataba mingine hutoa muda mfupi zaidi, basi usome wako kabla. Na usijaribu kuliwasha trekta siku hiyo. Lishushwe kwa winchi kama lilivyopandishwa, likaguliwe mafuta, maji na mabomba, bomba la moshi lizibuliwe, na injini izungushwe kwanza kwa mkono ili kuhakikisha haijaganda wala haina maji ndani ya silinda; ukiibana stata juu ya injini yenye maji utapinda vyuma vya ndani, na hakuna mchukuzi wala kampuni ya bima itakayokubali kulipia uharibifu huo.